Jinsi ya kupanga magari kwa geti la mlima siku ya haiki: anza na saa, nafasi itafuata

Kama umewahi kufika geti la mlima Longonot, kule karibu na Naivasha, Jumamosi saa mbili na nusu asubuhi kipindi cha likizo unajua vile inakuwaga. Matatu za watu 14, zile basi ndogo za 33, Probox, gari za watu binafsi na boda zote zimekutana pamoja, kila grupu inapiga picha kabla ya kupanda, huyu anatafuta choo, yule anauliza risiti iko na nani, na dereva wa nyuma amelala kwa honi. Huku kwetu kwa kreta ya Menengai, hapa Nakuru, Jumapili jioni nako ni hivyo hivyo, ila shida yake ni tofauti kidogo na nitafika hapo.

Mimi nakaa Nakuru, napeleka watu mlimani karibu kila mwezi, na siku ambazo sipandi nasaidia vijana kupanga magari. Nimeandika hii kwa wale wanaopanga haiki za grupu, na pia vijana na akina mama wanaokaa karibu na mageti ya milima na wangetaka siku za watu wengi ziende poa. Kitu kimoja nilichukua muda mrefu kukielewa ni kwamba pa kupaki hapajai kwa sababu magari ni mengi. Panajaa kwa sababu magari yote yamekuja kwa wakati mmoja, na yakishaingia hayawezi kugeuka. Ukitatua saa na kugeuka, kiwanja kile kile kinatosha siku nyingi sana.

Kwanza jua gari itakaa hapo muda gani

Hii watu huruka, wanakimbilia kununua koni na riflekta. Tulia kwanza ujiulize, mtu akipaki hapa anarudi baada ya muda gani?

Longonot kutoka getini hadi ukingo wa kreta, lile shimo kubwa la volkeno, ni kama kilomita 3.1, kuzunguka ukingo ni kilomita 7.2 hivi, halafu unashuka ile njia uliyopandia, kwa hivyo mtu anatembea zaidi ya kilomita 13 na kilele kiko mita 2,776. Mtu wa kawaida anamaliza kwa masaa manne, matano, grupu yenye watu wa mara ya kwanza hata sita. Sasa piga hesabu. Gari iliyoingia saa mbili asubuhi inatoka saa saba au nane mchana, na huo wakati hakuna mtu anaanza kupanda tena kwa sababu mbuga za KWS, shirika la serikali la wanyamapori, zinafungwa saa kumi na mbili jioni na jua la mchana pale si mchezo. Maana yake nafasi moja inahudumia gari moja kwa siku nzima. Ukiwa na nafasi 50 una magari 50, kwisha maneno, hata ungeleta maaskari kumi wa kuelekeza.

Menengai pale juu kwa vyupoint, pale pa kutazamia kreta, ni hadithi nyingine. Watu wengi wanakuja kuangalia kreta, wanapiga picha, wananunua mahindi choma, wanaenda. Dakika 40, saa moja. Nafasi 30 zinaweza kuhudumia magari 30 kila saa, kwa hivyo hata alasiri yenye watu wengi unaweza kuwatosheleza, mradi zile nafasi za karibu zisikaliwe na wanaoteremka ndani ya kreta au wanaotembea ukingo mzima na kurudi jioni. Na hao ndio hufika mapema wakachukua nafasi nzuri zote! Kwa hivyo pahali kama Menengai stepu ya kwanza ni kutenganisha: wa siku nzima wapaki mbali na watembee hizo mita 200 (si wamekuja kutembea?), wa saa moja wakae karibu, na wazee na watoto washukishwe pale pale mbele. Hilo jambo moja tu, bila kuongeza hata futi moja ya kiwanja, litabadilisha Jumapili yenu.

Saa

Nikupe hesabu ya geti vile mimi huielezea viongozi wa grupu. Tuseme kila gari inachukua dakika tatu getini, kuhesabu watu, kulipa, kungoja mtandao, kutafuta kitambulisho cha yule ambaye kila siku ni yule. Dakika tatu ni magari 20 kwa saa. Sasa magari 50 yakifika kati ya saa mbili na saa tatu, ikifika saa tatu kamili 20 yameingia na 30 bado yako nje. Kila gari kwa laini inakula kama mita saba, hiyo ni zaidi ya mita 200 za magari yaliyosimama, na yule wa mwisho atangoja saa moja na nusu ingine ndio aingie. Watu wake wanashuka wanatembea katikati ya magari, boda wanapita pembeni kwa vumbi, na hapo ndio ajali za kijinga hutokea.

Hesabu hiyo hiyo, ukipunguza dakika tatu ziwe moja, geti inapitisha magari 60 kwa saa na hakuna laini. Unapunguza aje? Lipa mapema. Malipo ya KWS siku hizi yanafanywa kwa eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, kwa hivyo kiongozi wa grupu anaweza kulipa usiku kabla, akiwa nyumbani na mtandao mzuri, akaja na risiti tayari kwa simu na nyingine ameprint, juu simu huzima. Majina ya watu yawe yameandikwa kwa karatasi moja, raia wakubwa, wanafunzi na watoto kila mtu kwa kundi lake kwa sababu bei si moja, na vitambulisho vikusanywe kwa gari kabla ya kufika, sio getini. Kondakta au kiongozi ashuke peke yake aende dirishani. Wengine wabaki ndani ya gari hadi ipaki. Najua watu wamekaa masaa mawili na wanataka kunyoosha miguu, waambie wavumilie dakika tano.

Halafu grupu ziongee. Viongozi wengi wa haiki wanajuana, wako kwa WhatsApp moja au nyingine, lakini kila mtu anapanga "tukutane stendi saa kumi na moja" kama yeye ndiye peke yake duniani. Wiki moja kabla mtu mmoja aulize nani anaenda wapi na na gari ngapi. Wanaotoka Nakuru na Naivasha wako karibu, wachukue ile ya saa kumi na mbili asubuhi geti ikifunguliwa, wa Nairobi wafike kuanzia saa moja na nusu, wa Kisumu au Eldoret ambao wametoka mbali afadhali walale Naivasha wapande asubuhi na mapema na wale wa kwanza. Ukiachanisha grupu kwa nusu saa nusu saa hivi, geti haitawahi kuona zaidi ya magari kumi kwa wakati mmoja. Na ile njia ya kupanda mlima pia inafaidika kwa sababu pale pembamba watu hawasongamani kwa vumbi la wenzao.

Kuna wikendi pia za kukaa mbali kabisa. Safari Rally ikiwa Naivasha usipeleke watu Longonot wala Hell's Gate, barabara zote zile zinajaa. Boxing Day, Pasaka, na hizi sikukuu za kitaifa kama 1 Juni, 20 Oktoba na 12 Disemba, ukilazimika kwenda basi uwe pale giza likiisha.

Na jambo la gari kubwa. Watu 33 kwa basi moja ndogo wanachukua nafasi ya upana wa mita tatu na nusu na urefu kama mita tisa. Hao hao 33 wakija watatu watatu kwa gari ndogo ni magari 11, hiyo ni safu ya karibu mita 28. Mimi siku hizi haiki yangu mtu akisema atakuja na gari yake namuuliza ana viti vingapi wazi na namjazia. Mwanzoni watu walinuna. Sasa wamezoea na hata mafuta wanagawana.

Kuchora kiwanja

Fika siku moja kabla au alfajiri, na kiwanja kikiwa tupu. Utahitaji kamba ya katani ya mita 50, vigingi, mfuko wa chokaa, mkebe uliotobolewa matundu chini wa kumwagia hiyo chokaa, na mawe. Mawe ya huku kwetu ni bure, yapake rangi nyeupe na yatadumu miaka. Lakini omba ruhusa kwanza, hii nasema kwa uzito. Ndani ya mbuga ni kazi ya KWS na huwezi kuingia na chokaa zako bila kuongea na msimamizi, kwenye msitu wa serikali ni KFS, shirika la misitu, pamoja na chama cha jamii cha msitu, ile CFA, na nje ya geti kuna shamba za watu na barabara ya kaunti au ya serikali kuu.

Gari ndogo mpe upana wa mita mbili na nusu na urefu wa mita tano. Zikipangwa zikiangalia njia moja kwa moja, yaani pembe mraba, njia ya katikati inataka mita sita ndio mtu aweze kugeuza. Kwa hivyo kiwanja cha mita 50 kwa 16 kinabeba safu mbili za magari 20, ni magari 40 yakiwa na adabu. Kiwanja kama hicho bila mistari nimekiona kimejaa na magari 20 na kitu tu, kila mmoja amepaki vile alijisikia, huyu ameacha nusu nafasi huku, yule amekaa kimshazari. Ile chokaa ndio inakupa hayo magari mengine, hukununua hata kipande cha shamba.

Kama kiwanja ni chembamba, panga kimshazari, nusu ya pembe mraba. Njia ya katikati inaweza kushuka hadi mita nne, lakini hapo lazima iwe njia ya kuingilia upande mmoja na kutokea mwingine. Usijaribu mshazari kwa kiwanja kisicho na pa kutokea, watu wataingia na watashindwa kugeuka na utakaa hapo ukipiga filimbi hadi uchoke.

Magari makubwa yaingie ndani kabisa. Yanafika mapema na yanatoka mwisho kwa sababu yanangoja mtu wa mwisho wa grupu, sasa ukiyaweka mlangoni yatafunga wengine siku nzima. Yape pahali pao na mbele yake uache kiwanja cha kugeukia, na ujaribishe mwenyewe na dereva mmoja wa basi kabla ya siku, usikadirie kwa macho.

Kila gari ipaki kwa rivasi, pua ikiangalia nje. Asubuhi watu wanafika mmoja mmoja na hawajachoka, kwa hivyo muda wa kupiga rivasi uko, ila jioni wanatoka pamoja, wamechoka, magoti yanatetemeka, watoto wanazurura nyuma ya magari. Afadhali rivasi ifanywe saa moja asubuhi kuliko saa tisa mchana. Dereva wengine watabisha. Waeleze hivyo hivyo na wengi wanakubali.

Sasa hii sehemu naomba usiipuuze. Acha njia ya ambulansi. Upana wa mita tatu na nusu, kutoka barabarani hadi pale njia ya kupanda inaanzia, na isiguswe na mtu, si muuza maji, si boda, si gari ya mheshimiwa. Siku moja kwa lango la mlima fulani msichana wa grupu yetu alishuka na kifundo cha mguu kimeteguka vibaya, tulimbeba kwa zamu hadi chini, tukafika pale tukidhani taabu imeisha, na gari ya kumchukua haikuweza kuingia. Magari yalikuwa yamepakiwa pande zote mbili na katikati, na wenyewe wako juu mlimani. Tukambeba tena karibu nusu kilomita hadi barabara kubwa akilia njia nzima. Magari matatu ya waliofunga ile njia yalikuwa ya grupu yangu mwenyewe na mimi ndiye nilikuwa nimewaambia wapaki tu hapo. Sitasahau ile siku. Chora hiyo njia kwanza kabla ya nafasi yoyote, na ubandike pale karatasi ya nambari za dharura: 1199 ya Red Cross, 999 au 112 ya polisi.

Na kwa sababu hiyo hiyo, marufuku kupaki mbele ya gari ya mwingine. Mjini Nakuru mtu anakufungia gari anaacha nambari ya simu kwa dashbodi, unampigia, anakuja. Mlimani hiyo nambari haisaidii kitu, mwenyewe yuko juu ya ukingo wa kreta masaa mawili kutoka hapo, hata akishika simu atafanya nini? Gari pekee inayoweza kukaa mbele ya nyingine ni ile dereva wake anabaki chini, kama matatu, na dereva akae karibu, asiende kulala kwa mti mbali.

Watu wa kuelekeza

Watatu wanatosha kwa kiwanja cha magari 40 ukiwaweka vizuri. Mmoja asimame mbali, pale gari inakata kuingia, huyu kazi yake ni kuhesabu na kuamua, kubwa au ndogo, ya saa moja au ya siku nzima. Wa pili awe kwa kona ya kiwanja akionyesha safu. Wa tatu awe mwisho wa safu inayojazwa sasa, yeye ndiye anasaidia rivasi. Jaza safu moja hadi iishe ndio uende ya pili, usiache watu wachague, juu kila mtu anataka kivuli na huo mti ni mmoja.

Yule wa kwanza ndiye muhimu na watu humweka kijana mdogo zaidi pale. Kosa. Weka mtu mzima mpole mwenye sauti, anayeweza kumwambia mzee wa gari kubwa "shikamoo mzee, leo tunaomba upaki pale nyuma, wageni wako nitawashukisha hapa mbele" na mzee akakubali bila kuona amedharauliwa. Mama mmoja anayeuza chai karibu na sisi anafanya hii kazi kuliko kijana yeyote, dereva wa matatu wanamwita mathe na hakuna anayembishia.

Wote wawe na riflekta na filimbi, na mkubaliane ishara za mkono kabla ya siku. Filimbi moja simama, mbili endelea, basi. Simu ya kawaida ya mulika mwizi yenye chaji ni nzuri kuliko simu kubwa inayozima saa sita.

Boda wapewe steji yao nje ya geti upande wa kutokea, karibu na pale watu wanashukia lakini si kwa mdomo wa geti. Waite uongee nao kabla, na mwenyekiti wao awepo. Ukiwafukuza tu watarudi kwa vikundi na utagombana siku nzima, ukiwapa pahali pazuri pa kupata wateja watakusaidia hata kusukuma gari iliyokwama. Akina mama wa mayai na maji vivyo hivyo. Wapange upande ule ule wa njia ya miguu ili mteja asivuke barabara ya magari kununua. Mimi huwaweka karibu na pale watu wanashukia kutoka mlimani, ndio wanauza zaidi, na kule geti la kuingilia kunabaki wazi. Na wajue chupa za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi ndani ya mbuga tangu 5 Juni 2020, kwa hivyo anayeuza maji auze ya kujaza chupa ya mtu, ni biashara nzuri tu.

Pesa

Kwa ufupi. Kama mnalipisha watu kupaki, mkiwa kwa shamba la mtu na mmekubaliana naye, kuwe na bei moja imeandikwa ubaoni, risiti yenye nambari ya gari, na malipo kwa till moja ya kikundi, sio simu ya mtu binafsi. Kikundi kisajiliwe kwa ofisi ya maendeleo ya jamii, sheria ya usajili wa vikundi vya jamii iko tangu 2022 na si kazi ngumu. Usichukue hata shilingi kwa ardhi ya serikali au kando ya barabara bila kibali. Na msiahidi kulinda gari kama hamtailinda kweli. Waambieni watu wafiche mabegi na laptopu kabla ya kufika, sio pale mbele ya watu wote wakifungua buti.

Kutoka

Wengi hupanga asubuhi vizuri halafu mchana wanaachia Mungu. Saa saba hadi saa tisa ndio grupu zinashuka, na kwa Longonot mtihani ni pale unarudi barabara ya Mai Mahiu kwenda Naivasha, ile yenye malori. Anayekuja Nakuru anakata kushoto, rahisi, anajiunga tu. Anayeenda Nairobi anakata kulia, lazima avuke upande mmoja na malori yanashuka na kupanda. Gari moja ikingoja kukata kulia inaziba zote zilizo nyuma yake. Kama barabara ya kutokea ina upana, weka mstari wa mawe katikati karibu na mdomo, wa kushoto wapite kivyao. Usisimamishe malori barabara kuu na filimbi yako, hiyo ni kazi ya polisi wa trafiki na wewe utagongwa. Siku kubwa nenda kituo wiki moja mapema uombe afisa.

Kitu kingine, wape watu sababu ya kutotoka pamoja. Grupu ikishuka ile chakula na picha za mwisho zifanyiwe pembeni, sio nyuma ya basi, na basi liitwe wakiwa tayari wote wamehesabiwa. Basi likikaa na injini kwa mdomo wa geti likingoja mtu mmoja aliye chooni ndio jam yote inaanzia hapo.

Nyasi, vumbi na mvua

Januari hadi Machi nyasi ya Longonot na Menengai imekauka kama karatasi. Ekzosi ya gari ina moto wa kutosha kuwasha nyasi ndefu, na gari iliyotoka kupanda mlima wa Menengai ndio ekzosi yake iko moto zaidi. Fyeka kiwanja hadi chini kabisa, ondoa nyasi iliyofyekwa, na uweke ndoo za mchanga na majani mabichi ya kuzimia kila safu. Hakuna kupaki kwa nyasi ndefu hata kama imejaa. Sigara pia, mwambie dereva kwa heshima.

Udongo wetu ni wa majivu ya volkeno, ukikauka ni unga mtupu, gari ya chini inazama hadi bampa. Maji kidogo asubuhi kwa njia ya katikati yanasaidia kuliko koni kumi. Mvua ya Machi hadi Mei nayo inachimba mitaro mirefu kwa usiku mmoja, kwa hivyo kila baada ya mvua tembea kiwanja chote kwa miguu, na kando ya mtaro acha mita tatu bila gari kwa sababu kingo zinabomoka kutoka chini bila kuonyesha juu. Shamba la jirani la kupakia ziada likodishwe likiwa limevunwa na kavu, mkubaliane kwa maandishi nani atarekebisha ua likivunjika. Na kamba ya kuvuta gari iwepo, nzito, sio ile ya kuanikia nguo.

Ikijaa

Funga kabla haijajaa. Ukibakisha nafasi tano, yule mtu wa kwanza anaweka ubao barabarani kule mbali, pale dereva bado anaweza kugeuza. Ukingoja hadi ijae kabisa, yule wa arobaini na moja tayari ameingia, anazunguka, anatoka kinyume na wanaoingia, na nyuma yake wako wengine watatu wanamfuata. Ujumbe uende kwa viongozi wa grupu wakati huo huo kwamba hapa pamejaa hadi saa fulani. Walio njiani wapaki mjini Longonot waje na boda, au wakae Naivasha wanywe chai kwanza. Mwenye basi anaweza kushukisha watu kwa dakika tano, akarudi kungoja mjini, akaitwa na simu wakishuka. Hii ya mwisho hata bila kujaa mimi naipenda, basi halihitaji kuangalia mlima.

Jioni gari la mwisho likitoka, usiende nyumbani kabla ya kuandika kwa daftari: magari mangapi, makubwa mangapi, saa ngapi laini ilikuwa ndefu, saa ngapi pamejaa, nani alikwama wapi. Mistari mitano tu. Wikendi tatu za hivyo utaona saa yenye shida ni ile ile kila wiki, na hiyo ndiyo utawapelekea viongozi wa grupu kwa WhatsApp Jumatano, kabla hawajaandika saa ya kukutana stendi.